Kuhusu ini la mzee

Rafiki yangu, pole sana na kuuguza. Meseji yako nimeisoma usiku nikakosa usingizi, unauliza hivyo vichocheo vya ukuaji alivyovitaja daktari ndo nini na vinahusiana vipi na kansa ya mzee, ngoja nikwambie nilivyoelewa mimi kipindi kile namuuguza mama mdogo.

Ini si unajua likikatwa kipande linaota tena. Linaweza hivyo kwa sababu seli zake zinatumiana protini za kuhimizana, ndo hivyo vichocheo vya ukuaji, kuna HGF inayoziambia zigawanyike, kuna VEGF inayoita mishipa mipya ya damu, na nyingine kibao. Sasa ini likiumizwa miaka na miaka, iwe hepataitisi B au C au pombe, ule wito wa kujitibu haukomi, makovu yanajaa, alafu uvimbe ukishaota nao unatoa wito uleule ili uletewe damu yake. Aisee mimi hapo ndo niliishiwa nguvu, yaani kilichokuwa kinaponya ndo kinalisha ugonjwa.

Kwenye majibu usitafute VEGF, kwa kawaida haipimwi. Kwenye damu wanaangalia AFP, protini ambayo mara nyingi inapanda mtu akiwa na kansa ya ini, ila skani ndo inaongea zaidi. Ini zima linapata kama robo tatu ya damu yake kutoka kwenye mshipa mkubwa unaotokea tumboni, uvimbe wenyewe unanyonya kwenye ateri, kwa hiyo wakimchoma ile dawa ya skani uvimbe unawaka mapema kabla ya ini, baadae unafifia wakati ini bado linang'aa. Kwa mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, picha ya hivyo mara nyingi inatosha, hakuna haja ya kutoa kinyama cha kupima.

Dawa zenyewe nyingi zinaziba huo wito. Sorafenib ilianza kutumika 2007, vidonge, kwenye utafiti wagonjwa waliishi wastani wa miezi 10.7 na wasioipata 7.9, najua inaonekana kidogo lakini kwa aliyekaa pembeni ya kitanda si kidogo hata. Mama mdogo alikuwa anameza hiyo, nyayo zikachubuka mpaka akawa anakanyaga kwa visigino, tukawa tunampaka mafuta asubuhi na jioni na dozi ikapunguzwa, usisubiri mzee afike huko ndo useme. 2020 ikaja dripu ya atezolizumab, inayoamsha kinga ya mwili, pamoja na bevacizumab, hii ya pili ndo inaikamata VEGF, na walioipata walifika miezi 19.2 huku waliomeza sorafenib wakifika 13.4.

Ila bevacizumab inaweza kupandisha presha na kuleta damu kutoka, na wenye sirosisi wengi wana mishipa iliyovimba kwenye umio. Kwa hiyo kesho ukimuona daktari muulize kwanza, mzee ashapigwa kamera ya kuangalia umio? Kama bado, waifanye kabla ya dripu ya kwanza, alafu nipigie hata kama ni usiku.