Usivigawe vitambaa vya bibi

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Winchester, huku Uingereza. Mimi mzima, ila baridi inanionea.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema unasafisha chumba cha bibi, na vile vitambaa vyake vya kudarizi unataka kuvigawa kwa kuwa vimepitwa na wakati. Subiri kwanza, mama.

Kule Magila tulizoea kupiga magoti kwenye saruji tupu. Hapa kanisa kuu kuna mito ya kupigia magoti, imedariziwa kwa sufu, buluu ndiyo imetawala. Mwaka 1931 Louisa Pesel, fundi na mwalimu wa kudarizi, alianza kuwakusanya wanawake wa hapa akawafundisha mishono. Kufikia 1936 walikuwa wamemaliza mito zaidi ya 300, bila malipo. Bado ipo, mwanangu.

Kanisa dogo la mtaani kwetu nalo lina mito yake, kazi ya akina mama wa parokia. Juzi nilimkuta bibi mmoja akitengeneza uliochanika chini. Aliupindua akanionyesha upande wa nyuma: nyuzi zimelala sawasawa, hakuna fundo hata moja. Fundo huvimba likaonekana mbele, kwa hiyo mwanzo wa uzi hupitishwa chini ya mishono mingine ukabanwa humo. Machozi yalinilenga. Bibi yako alikuwa hivyo hivyo. Ukimpelekea kitambaa, hatazami ua, anakigeuza kwanza. Mimi alinifumulisha mara tatu!

Na ule Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana, ambao tulimzika bibi na sare yake, ulianzia kijiji cha Old Alresford, jirani na hapa, mwaka 1876. Mwanzilishi wake, Mary Sumner, amezikwa kwenye uwanja wa kanisa kuu. Nilisimama pale nikamtaja bibi kwa jina.

Basi, vya makochi mpe shangazi yako viwili, anavipenda. Vingine vifue kwa mkono, uvianike kivulini. Chini kabisa ya sanduku kuna cheupe chenye ua la mchungwa ambalo halijaisha, nadhani sindano bado imo. Hicho usikifue, usiichomoe sindano. Nikija Desemba nitakimalizia. Nitafutie tu uzi wa kijani unaofanana na ule wa majani, hapo Muheza sokoni.

Mama yako