Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tubaki Mpaka Kikao cha Ukoo

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba, Bwana Yesu asifiwe. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kufika, hasa ninyi mliotoka Busokelo na mvua hizi.

Habari za fedha atazisema mweka hazina. Siku 16 za kupinga ukatili tuliadhimisha Tukuyu, watu walikuja, hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida. Mimi nitakaa kwenye jambo lililotuchukulia muda kuliko yote mwaka huu: mirathi ya wajane.

Zamani ugomvi wa mashamba hapa Rungwe ulikuwa wa mpaka wa migomba au chai. Parachichi limebadili hesabu. Shamba ambalo shemeji hakuwahi kulikanyaga, miti ikianza kuzaa na malori ya wanunuzi yakifika, ghafla linakuwa "la ukoo". Mjane aliyepanda miche ile na kuimwagilia kiangazi anaulizwa atarudi kwao lini.

Kikao kimoja cha ukoo tulichohudhuria kilikaa siku chache tu baada ya mazishi. Mzee mmoja alikuwa ameligeuza daftari la rambirambi, anaandika mali ukurasa wa nyuma: shamba la juu, shamba la mtoni, pikipiki, ng'ombe wawili, bati ambazo hazijaezekwa. Mjane yuko jikoni kwenye mkeka na wanawake wenzake, anasikia yote kupitia ukuta wa mbao. Hakuitwa. Mama wa umoja wetu alipoomba aitwe, akajibiwa kwamba mambo ya ukoo hayana kanisa. Na marehemu huyo alibatizwa, alifunga ndoa madhabahuni, na kwaya ilimwimbia mpaka kaburini.

Hapa nina neno na sisi wenyewe Wakristo. Tunafika msibani kwa wingi, tunazika vizuri, tunakula, tunaondoka jioni. Anayebaki na mjane ni ukoo. Siwadharau wazee wa koo. Wapo waliowatetea wajane kuliko wachungaji wengine. Lakini uamuzi unafanyika tukiwa tumeshapanda bodaboda.

Na tofauti kati ya urithi wa kimila na ule wa sheria nyingine si ndogo. Kwa Tangazo la Sheria za Mila la 1963, mjane hana fungu lake. Anatarajiwa kutunzwa na watoto. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini kwetu, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili. Mahakama ikitakiwa kuamua itumike ipi, hutazama namna marehemu alivyoishi, kimila au Kikristo. Kwa hiyo cheti cha ndoa, kumbukumbu za ubatizo na ushuhuda wa mzee wa kanisa vina uzito mbele ya hakimu. Mzee wa kanisa anayesema "hayo hayanihusu" anamnyima mjane ushahidi. Na kwa upande wa ardhi ya kijiji, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila yoyote inayomzuia mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Tukisome kwa sauti vikaoni. Wengi hawajawahi kukisikia.

Katika mafundisho tulitumia sana Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa na wakuu wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Nawaomba walimu wetu wasiishie hapo. Sura ya 36 wanaume wa ukoo wanarudi na sharti: binti hao waolewe ndani ya kabila lao, ardhi isihame. Haki ikishatolewa, watu hurudi kuipunguza. Tuliliona mwaka huu kwa mjane aliyeshinda, kisha akaletewa "maridhiano" ya kugawa nusu.

Kuhusu vipigo nitasema kwa ufupi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mama akija usharikani na jicho limevimba, asirudishwe nyumbani na maombi peke yake. Apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na asiende peke yake.

Ninaomba mkutano huu upitishe mambo mawili. Kwanza, kila usharika au kigango chenye wanachama wetu kitoe watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wa kukaa kwenye kikao cha ukoo mpaka kifungwe. Nasisitiza baba, mama akienda peke yake anapelekwa jikoni.

Pili, akina baba mliopo hapa muandike wosia mkiwa hai. Kwa utaratibu wa kimila, mashahidi ni wawili wanaojua kusoma na kuandika, au wanne kama mwenye wosia hajui kusoma na kuandika, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wenye shamba lisilo na hati waombe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya wote wawili. Najua wapo wanaoamini kuandika wosia ni kujiitia kifo. Mjadala huo tuufanye leo, kabla ya chakula, maana baada ya chakula nawajua mtasinzia.

Msaidizi wa kisheria amekaa meza ya karibu na mlango. Mwenye swali la shamba lake amwone huko.

Mwenyekiti
Tukuyu, Rungwe