Kolo iwekewe baiskeli za kukodi

Ndugu Mhariri,

Kila likizo ikikaribia tunahimizwa kufanya utalii wa ndani, na sisi wakazi wa Dodoma tunabaki kuulizana twende wapi na watoto kwa fedha ya mshahara. Michoro ya miambani ya Kondoa iko mkoani humu humu. Imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na lami ya Dodoma hadi Babati inapita Kolo penyewe, kijiji cha kuanzia safari ya kwenda kwenye michoro. Wengi husema kinachopungua ni matangazo. Mimi nasema ni baiskeli.

Ukishuka basi Kolo unaripoti ofisi ya mambo ya kale, unalipa, unapewa mwongozaji. Kutoka hapo hadi Mungomi wa Kolo, penye michoro inayojulikana zaidi, ni kama kilomita 9 za vumbi, kisha kilima cha kupanda kwa miguu. Asiye na gari ameshakwama. Mwenye gari naye hufunga vioo, hufika, hupiga picha na kugeuza. Kijiji hakimuuzii hata ndizi.

Sisi tulikwenda na wanetu pamoja na wa dada yangu, na mwongozaji akatuombea baiskeli kwa wanakijiji: Phoenix za kawaida, zile zinazobeba madumu ya maji na magunia. Mdogo kuliko wote alikaa kwenye keria. Mwendo ulikuwa wa polepole, tena kwenye mchanga tulishuka tukasukuma, na hapo ndipo watoto walipoanza kuuliza maswali. Mbona ardhi ni nyekundu na imechimbika namna hii? Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza uzio alituacha tukae kivulini kwake, akawaeleza habari za HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973, na jinsi mifugo yote ilivyoondolewa milimani 1979 ili majani yaote tena. Alisimulia kama mtu aliyeswaga ng'ombe hao mwenyewe. Gari lingempita mzee yule bila hata kumwona.

Huko juu kilimani, kwenye miamba, kumechorwa tembo, twiga na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, vyote kwa rangi nyekundu. Ni kazi ya wawindaji wa kale. Michoro myeupe ilikuja baadaye, enzi za wakulima na wafugaji. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifika Kondoa 1951 kuinakili. Lakini lililowanyamazisha watoto wetu ni kusikia kwamba Warangi, wenyeji wa Kondoa, bado hupanda kilima hicho kwa matambiko, na kwamba mahali hapo hapajawa makumbusho tu.

Wakati tukiwa pale likafika kundi moja kwa gari. Kijana mmoja alifungua chupa ya maji akamwagia mwamba ili rangi ing'ae kwenye picha. Mwongozaji alimkemea, ila maji yalikuwa yameshamwagika. Maji hufifisha michoro hiyo, na hakuna fundi wa kuirudisha. Sidai kwamba mwendesha baiskeli ni mstaarabu kwa kuzaliwa. Najua tu kwamba aliyetoka jasho kilomita 9 huyatunza maji yake ayanywe.

Tusidhani hili ni jambo geni. Kule Angkor, Kambodia, kwenye magofu ya mahekalu ya Wakhmer, familia hukodi baiskeli mjini Siem Reap asubuhi na kuzunguka siku nzima. Mzunguko mdogo ni kama kilomita 17. Hifadhi ile ina ukubwa wa kilomita za mraba 400 hivi. Eneo letu la Kondoa ni kilomita za mraba 2,336, lenye mamia ya miamba, na mgeni huoneshwa mitatu.

Ninachoomba halmashauri ya Kondoa ni kitu kidogo: ikiwezeshe kikundi cha vijana wa Kolo kuwa na baiskeli za kukodisha, zikiwemo chache za watoto, pamoja na kofia ngumu. Spea zipo na mafundi wapo. Mbigiri za kule zilitutoboa tairi, na fundi wa kijijini alibandika kiraka kabla hatujamaliza kunywa chai. Mwongozaji apande baiskeli pia, maana anayetangulia kwa pikipiki anaeleza vumbi. Safari ziishie kwenye njia za vijijini. Kwenye lami yenye mabasi ya Arusha na malori sipeleki mtoto, na mtu asinishawishi. Mvua zikianza Desemba, safari zisimamishwe hadi Mei, kwa sababu korongo la mchanga unalovuka asubuhi laweza kuwa mto jioni.

Fedha ya kukodi ibaki kijijini. Ndiyo itakayompa mwenyeji sababu ya kuwafukuza wanaochimbachimba penye michoro wakitafuta dhahabu wanayoamini Wajerumani waliifukia wakati wa vita ya 1914 hadi 1918.

Tungependa kurudi baada ya mavuno. Siku ile mmoja wa wenye baiskeli alikwenda shambani kwa miguu kwa ajili yetu, na hakutaka kupokea malipo. Safari ijayo tungependa kulipa dirishani kama wageni wengine, naye abaki na baiskeli yake.

Mzazi,
Nkuhungu, Dodoma