Usafi wa Mto Morogoro: siku na mahali vimebadilika

Habari za jioni ndugu zangu, poleni na majukumu.

Zoezi letu limesogezwa hadi Jumamosi tarehe 21 Machi, siku moja kabla ya Siku ya Maji Duniani. Tukutane saa 1 kamili asubuhi darajani, SI sokoni.

1. Mchango ni Sh 3,000 kwa glavu na viroba. Apewe mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni.

2. Njooni na mabuti na reki.

3. Baada ya kuokota taka tutapita nyumba kwa nyumba, wawili wawili. Tuwakumbushe majirani kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ila kwa upole jamani, sisi si mgambo; kuna mtu hapo mchicha ndio ada ya mtoto. Mwelezeni tu kwamba maji haya yanaingia Ngerengere, kisha Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywewa Dar.

Unayekuja andika "NIPO" hapa kabla ya kesho saa 2 usiku, tujue chai ya watu wangapi. Mwenye reki ya ziada pia aseme.

Asanteni.