Barua kwa wifi yangu: sufuria ya mama na pua ya mtoto

Wifi,

Mama kaniambia mtoto kaziba pua tena, leo siku ya nne, na usiku analala mdomo wazi anakoroma kama mzee. Kaniambia kwa kunong'ona, utadhani nimeulizia siri za benki. Simu zangu hupokei, kwenye grupu la familia ulishatoka. Basi nakuandikia hapa. Wadogo zako watakuonyesha hata usipotaka.

Kwanza cha usiku huu. Ugomvi utatungoja, haujawahi kutukimbia.

Chemsha nusu lita ya maji, yatokote hasa, funika mpaka yawe ya uvuguvugu. Tia chumvi laini ya mezani, robo tatu ya kijiko cha chai, kijiko cha kusawazisha kwa kisu, siyo cha mlima kama unavyopimia sukari. Koroga iyeyuke yote, kisha onja. Yanatakiwa yawe na chumvi ya machozi. Ukiona yanakaribia maji ya bahari ya Koko Beach umezidisha, yatamwasha na kesho hatakubali kulazwa. Chumvi ya mawe achana nayo kwa kipimo hiki, chembe zake ni kubwa na kijiko hakijai sawasawa. Yatie kwenye chupa safi yenye kifuniko. Kesho saa kama hizi yaliyobaki mwaga, chemsha mengine.

Mlaze chali mapajani, kichwa kilegee nyuma kidogo. Matone 2 au 3 kila tundu. Halafu subiri dakika nzima. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanadondosha na kunyonya papo hapo, makamasi bado magumu, hayatoki, mtoto analia, na kilio chenyewe kinazidi kuivimbisha pua. Dakika ikipita chukua kipira cha kunyonyea makamasi. Kikamue kikiwa nje, ndipo uingize ncha tu, uachie taratibu. Ukikikamulia ndani unayasukuma makamasi juu. Fanya robo saa kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala, basi. Kunyonya kwa kipira kusizidi mara 3 au 4 kwa siku, maana ngozi ya ndani ya pua ni laini, ikichubuka inavimba, na utakuwa umekiziba ulichokizibua.

Hiyo ndiyo dawa, wifi. Chumvi imo kabatini mwako, maji unayo. Nasisitiza kwa sababu uliniambia, mimi wa duka la dawa, mbele ya mama, "Ya dukani kawauzie wateja wako." Majani yako ndiyo uliyoyanunua, tena kwa nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo.

Sijasahau ile nyungu, na sitajifanya nimesahau. Sufuria ya mama, ile ya pilau, iko sakafuni imejaa mpaka karibu na ukingo, majani ya mkaratusi, mchaichai na mwarobaini yanazunguka juu. Wewe juu ya kigoda, mtoto wa miezi 9 mapajani, blanketi limewafunika wote wawili. Kilichoonekana nje ni kisigino chake kimoja. Na sufuria ile unaijua ilivyobonyea chini, haikai, inacheza. Kila kisigino kikiigonga, maji yanapanda upande mmoja, yanashuka, yanapanda upande wa pili.

Nilivuta blanketi. Ulitaka nianze kwa hodi? Maji yaliyotoka kutokota hayana utani. Ya nyuzi 60 tu yanamuunguza mtoto kwa kina ndani ya sekunde chache, sembuse yale. Na faida yake? Nyungu inamlegeza mtu mzima, anatoka jasho, anajisikia mwepesi. Mtoto mchanga anachopata humo ni joto na giza na kilio. Unyevu unaolainisha makamasi unaupata kwenye matone yale ya chumvi, bila moto. Nikasema "unataka kumuua." Neno hilo lilikuwa baya. Blanketi nitalivuta tena.

Uliniambia ana sainasi, ukanionyesha paji la uso. Sainasi ni mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, na ya kwenye paji hayajaota kwa mtoto wa umri wake, huanza kuonekana akikaribia miaka 7 au 8. Aliyonayo ni ya mashavuni na ya katikati ya macho, tena madogo. Kumsugua paji kwa limao kulikuwa kumwonea tu. Kilichoziba ni pua.

Habasoda na mafuta ya nazi usimdondoshee puani, hata kama bibi yako alidondosha kijiji kizima. Mafuta hayabaki puani. Yanaweza kuteleza mpaka kwenye mapafu, na pafu haliyatoi kirahisi, inaweza kuwa nimonia ya mafuta. Dawa za kuchua zenye kafuri ni mpaka afikishe miaka 2, na hata akifikisha ni kifuani na mgongoni, kamwe si puani. Ule ubaridi wa mentholi unaudanganya mshipa wa fahamu ujione unapitisha hewa, njia yenyewe imebaki vile vile. Mafuta ya mkaratusi ya kichupa yaweke juu ya kabati. Akiyanywa, hata kidogo, anaweza kupata degedege.

Asali ulimpa akiwa na miezi 9, nikagomba, ukasema ni chakula cha mitume. Sikuwapinga mitume. Asali inaweza kubeba mbegu za kimelea ambacho tumbo la mtoto chini ya mwaka mmoja haliwezi kukizuia, kinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua, na kuichemsha jikoni hakuziui. Sasa kafikisha mwaka na miezi 2, mpe nusu kijiko cha chai akienda kulala, itamtuliza kikohozi. Tangawizi pia sasa ruksa, vipande viwili vyembamba kwenye kikombe, iwe nyepesi. Lakini kushinda vyote mpe supu yako ya kuku wa kienyeji, ya vuguvugu, bila pilipili manga. Sijaona mwingine anayeipika vile. Mama alipoanguka aliishi kwa supu hiyo wiki 3, na aliyemlisha ni wewe, mimi nikiwa dukani. Hilo nalijua, ingawa sijawahi kulisema.

Halafu chumba chenu. Dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, udi wa jioni, jiko la mkaa mlangoni, na feni inampiga usoni usiku kucha. Hata mimi ningeziba. Neti inatosha. Feni igeuzie ukutani, sakafu piga deki badala ya kufagia vumbi.

Makamasi ya kijani peke yake siyo sababu ya antibayotiki. Ulinitaka nikupe amoksilini kimya kimya, nilipokataa nikawa na roho mbaya. Sawa. Mpeleke hospitali siku 10 zikipita hajapata nafuu, au akipata nafuu kisha akarudi vibaya, au homa ya 39 na makamasi mazito kwa siku 3 mfululizo. Akivimba jicho usingoje kesho. Akiwa amelala mhesabie pumzi dakika nzima. Zikifika 40, au mbavu zikiingia ndani, au akikataa ziwa, ondokeni usiku huo huo. Na tundu moja tu likitoa uchafu wenye harufu, humo kuna kitu, punje ya hindi au shanga. Ukihisi ni betri ya saa, kila dakika ina thamani, inaunguza.

Najua utasema namfundisha mama mtu mtoto wake. Pengine. Ila ananiita shangazi, na usiku ule kisigino ndicho kilichokuwa nje.

Kipira kipo kwa mama, droo ya juu ya kabati la vyombo, kipya, sijakifungua. Kila ukimaliza kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kikamue mara kadhaa, kikauke kikiwa kichwa chini, maana kikibaki na maji ndani kinaota ukungu. Na ile sufuria irudishe. Anaiulizia kila siku, kwako hawezi kusema.