Mbona picha za pangoni bei juu? Majibu kwa wateja wetu wa Amboni

Wiki iliyopita mteja katuandikia meseji ndefu, kwa kifupi anasema tumempiga. Tulimpeleka mapango ya Amboni hapa Tanga, tukakaa mle ndani masaa manne, katoka na picha 11, wakati huyohuyo mwezi wa nyuma tulimpigia shughuli ya mdogo wake Raskazone akapata picha 300 kwa hela karibu ileile. Si wa kwanza huyu, kila tukimuelewesha mmoja anakuja mwingine, kwa hiyo leo naandika yote hapa na atakayeuliza tena namtumia linki.

Pango ni giza. Najua unajua, ila watu wengi wanafikiria giza la sebuleni umeme ukikatika. Sebuleni kuna dirisha, kuna mbalamwezi, kuna taa ya jirani mwenye sola. Amboni ukishapinda kona mbili tatu ukazima tochi, mkono wako mwenyewe huuoni, na hata ukisubiri nusu saa macho hayazoei maana hakuna cha kuzoea. Kamera nayo hivyohivyo. Yaani kila mwanga unaouona kwenye picha ya pangoni ujue kuna mtu kaubeba kwa mkono akaupeleka pale, na mara nyingi kaenda kwa kutambaa.

Sasa watu wanasema si uwashe flashi tu. Flashi ikiwa juu ya kamera inapiga jiwe usoni moja kwa moja, vivuli vyote vinakufa, na pango bila vivuli linageuka ukuta wa jikoni. Halafu mwanga unachoka haraka: kitu kikiwa mbali mara mbili kinapata robo tu, kikiwa mbali mara nne kinapata moja ya kumi na sita. Ndo maana picha yako mtu wa mbele kaungua kama karatasi na nyuma yake pamebaki weusi mtupu. Na kuna vile vidoti vyeupe. Bwana mmoja alikuja ofisini na picha alizopiga mwenyewe kwa simu, ananong'ona kabisa, anasema angalia mizimu imetokea. Nikamwambia bosi hiyo ni pumzi yako. Mle ndani kuna unyevu, ukihema mvuke unabaki mbele ya lenzi, ukichanganya na vumbi la miguu ya watu flashi inaviwasha vyote. Hakufurahi, nadhani mizimu ingemlipa zaidi.

Sisi tunafanya hivi. Kamera inakaa kwenye stendi na haiguswi tena. Namulika mteja kwa tochi, nafokasi, nahamisha lenzi iende manual, yaani isijifokasi yenyewe, ili isianze kuhangaika gizani. ISO (wepesi wa kamera kuvuta mwanga) chini, 200 hivi, tundu la lenzi f/8, nafungua sekunde 30 au zaidi. Hapo kijana wangu kavaa nyeusi juu mpaka chini, anazunguka nyuma ya mawe na flashi ya mkononi, anapiga moja, anahama, anapiga nyingine, mwisho anakuja nyuma ya mteja anapiga moja ya mgongoni ili umbo litoke na zile chokaa zinazoning'inia zing'ae pembeni. Mteja amebana pumzi na hatikisiki. Picha ikiwa na kasoro tunarudia. Kwa siku nzuri shuti moja dakika 15, siku mbaya 40. Zidisha mwenyewe upate hizo 11.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote ni hii: mtu anaenda na mpwa wake mwenye simu nzuri, yenye night mode ya kupigia usiku, wanapiga picha 200, halafu wanatuletea "mtuedittie tu kidogo". Ndugu yangu, ile night mode inaunganisha picha nyingi zenye mwanga hafifu, palipo na sifuri inaunganisha sifuri. Ukivuta mwanga kwenye kompyuta zinakuja chenga tupu, kama TV ya zamani antena ikianguka. Dada mmoja alilipa nauli za watu sita kutoka Dar, wakapiga wenyewe, akatulipa sisi kuediti, hazikufaa, akarudi Tanga mara ya pili tukapiga upya. Nikipiga hesabu yake naumia mimi.

Lenzi kupata ukungu ni somo nililolipia mwenyewe. Tulilala hoteli yenye AC kali, asubuhi tukaingia pangoni moja kwa moja, lenzi zote zikafunga ukungu, tukakaa saa nzima tunatazamana na mteja huku guide kamaliza hadithi zote, mpaka ya yule mhalifu wa zamani Osale Otango alivyokuwa anajificha humo na ya njia ya chini inayotokea Mombasa. Siku hizi vifaa vinalala chumba kisicho na AC, na vinakaa kwenye begi dakika 30 pangoni kabla hatujafungua.

Popo je? Wanapolala popo hatupigi flashi, na ukisema nyongeza ya hela hatupigi vilevile. Barakoa na glavu pia ni lazima. Sisemi Amboni kuna ugonjwa, nasema tunajua kilichotokea kwingine: pango la Kitum kule Mlima Elgon, Kenya, watu wawili waliolitembelea waliugua Marburg, homa kali ya virusi ndugu wa Ebola, 1980 na 1987, na 2008 mtalii aliyepita pango la popo msitu wa Maramagambo, Uganda, alifariki kwa hiyohiyo. Barakoa tunazitoa sisi, zimo kwenye bei. Mawe pia usiyashike ili upozi, mafuta ya mkono yanaharibu chokaa na doa halitoki. Na kuna sehemu watu wanakuja kuomba, ukikuta mtu yupo na mambo yake, kamera chini, tunasubiri.

Kwa hiyo bei yetu inabeba watu watatu, flashi nne, betri, muda wa kusafisha vifaa kesho yake, na siku mbili za kuediti RAW, yaani faili ghafi za kamera, kwa sababu mwanga wa tochi na wa mlangoni haufanani rangi. Kiingilio na guide unalipa mwenyewe pale getini. Anayekuambia atakupigia kwa nusu, muulize swali moja tu, nani anashika taa ya nyuma.

Yule mteja wa meseji nimemtumia picha moja ghafi, kabla kijana hajawasha flashi ya kwanza. Nyeusi yote. Kajibu "mh". Advansi ni nusu, na maharusi wa Desemba, shela refu liacheni hotelini, kuna sehemu mtapita kwa magoti.