Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi kipima mionzi

Mheshimiwa,

Pokea salamu na heshima zangu. Jina lako siliandiki hapa. Unajijua, nasi hatujakusahau. Miaka miwili iliyopita ulikuja shuleni kwetu, ukaketi kwenye kiti cha prefe, mkuu wa shule, ukawaambia watoto kwamba miongoni mwao atatoka mwanaanga wa Kongo. Kisha ukaniuliza mbele yao: "Mwalimu, unahitaji nini?" Nikasema, kipima mionzi kimoja. Ukajibu: "Hicho ni kitu kidogo. Noeli haitafika bila wewe kukipata." Noeli mbili zimepita, Mheshimiwa.

Nimevumilia hadi Jumatano iliyopita. Saa nne asubuhi lori liliingia uani. Watoto wa mwaka wa sita wakatoka mbio wakipiga makofi, wawili wakawahi kufuta meza ya maabara kwa mikono ya mashati yao. Kilichoshushwa ni saruji. Mifuko ikajazwa ndani ya maabara ile ile, mlango ukatiwa kufuli jipya, ufunguo ukaondoka na dereva. Tuliambiwa chumba hakitumiki. Kitatumikaje, nacho hakijaletewa kitu? Nadhani faili letu limelala mezani kwa mtu anayeona miale ya anga haituhusu.

Basi nikueleze tulichokuwa tukijifunza wiki hiyo. Binti mmoja aliuliza: "Mwalimu, mtu akienda Mars, miale itamfanya nini?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Miale hiyo ni viini vya atomu vinavyokuja kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga: vingi ni protoni, kama sehemu moja ya kumi ni heliamu, na vichache ni vizito, kama vya chuma, ambavyo huharibu DNA vibaya zaidi. Sisi huku chini tunakingwa na hewa na usumaku wa dunia. Msafiri wa Mars anaiacha ngao hiyo nyuma. Kifaa kilichosafiri kwenda Mars na roboti Curiosity mwaka 2011 na 2012 kilipima karibu milisiveti 1.8 kwa siku (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Kwenda na kurudi ni kama 660, bila kuhesabu siku za kukaa kule. Mtu wa duniani hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka mzima, na NASA, shirika la anga la Marekani, humwekea mwanaanga kikomo cha 600 kwa maisha yake yote ya kazi. Watoto walizipanga namba hizo ubaoni, darasa likanyamaza.

Mmoja akasema tukifunike chombo kwa metali ya risasi. Nikamwambia metali nzito ikigongwa na miale hiyo hutawanya chembe nyingine. Maji, au plastiki yenye haidrojeni nyingi, hukinga vizuri zaidi kwa uzito ule ule. Walinitazama kwa mashaka. Sikuwalaumu, maana hawajawahi kupima mionzi hata mara moja.

Nikawasimulia wanaanga wa Apollo, wale wa safari za mwezini, waliofumba macho gizani wakaona vimweko vya mwanga, miale ikipita machoni mwao. Watoto 54 wakafumba macho, kimya. Binti yule akawa wa mwisho kuyafumbua. "Sioni kitu, Mwalimu." Mheshimiwa, hapo ndipo kipima mionzi kingelia! Hata hapa chini, chembe moja hivi kutoka juu hupita kila dakika kwenye eneo dogo kama ukucha. Wangeisikia ikigonga, tk, tk, kisha tungetafuta ipi inatoka ardhini na ipi angani.

Na asiniambie mtu kwamba anga si jambo la Katanga. Tarehe 17 Mei 1977, mkoa ukiitwa Shaba, kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilirusha roketi kutoka ardhi hii. Urani ya Shinkolobwe, jirani na Likasi, ilitumika katika bomu la Hiroshima. Leo watoto wa ardhi hiyo hiyo hawana kifaa cha kusikia mionzi.

Mimi nafundisha mwaka wa 19 sasa. Chaki nanunua kwa pesa ya makala, yaani makaa, anayouza mke wangu. Nilijaribu mwenyewe kutengeneza chumba cha mawingu, ambamo njia za chembe huonekana: sanduku la kioo, pombe ya duka la dawa, barafu ya muuza samaki. Baridi haikutosha, barafu ikayeyuka, na pesa hiyo ilikuwa ya unga wa bukari, ugali wetu. Wanangu walilala na chai. Sitarudia.

Kwa hiyo sikuombi tena maabara, wala viti, wala umeme. Hata saruji yako nitaizunguka. Naomba kipima mionzi kimoja, kile ulichokiita kitu kidogo, kinachoingia mfukoni. Kimoja tu, Mheshimiwa. Binti yule anafanya mtihani wa Serikali mwaka huu, kisha anaondoka shuleni. Kifike kabla hajaondoka.

Kwa heshima,
Mwalimu wa fizikia, Lubumbashi